Kinyonga Kwenye Saluni ya Vioo

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Waliosema hivyo hawakumjua Profesa. Nywele alikuwa nazo za kutosha, nyeusi ti, zimechongwa pembeni zikanyooka kama ukingo wa meza. Ila zile nyingine, ungempekua kichwa kizima usiambulie hata unywele mmoja.

Profesa alikuwa kinyozi. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akaliandikisha kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa saluni, kisha akawa anawasahihisha watu mpaka likawakaa midomoni. Shule aliiacha mapema, kwa maelezo yake ni kwa sababu walimu hawakuwa na jipya la kumwambia. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla mashine haijakugusa kisogoni, umeshaelezwa kwa nini mgongo unakuuma, kwa nini mwanao hafaulu hesabu, na rubani afanye nini injini ikizimika angani. Ndege yenyewe hajawahi kuipanda. Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na wembe wake safi, na ukweli lazima usemwe, kunyoa alijua.

Saluni yake ilikuwa vioo vitupu. Ukuta wa mbele kioo, wa nyuma kioo, na pembeni kioo kirefu kutoka sakafuni hadi juu, alichokinunua duka la nguo lilipofungwa. Sasa, kinyozi huongea na mteja kupitia kioo, kazi ndivyo ilivyo. Mteja anatazama mbele, kinyozi yuko mgongoni kwake, macho yanakutana humo. Lakini vinyozi wengine wakishaweka mashine chini hugeuka, wakamtazama mtu usoni kama binadamu. Profesa hakugeuka. Mtu akiingia, alimwona kwenye kioo, akamkaribisha kwenye kioo, akampokea shati kwenye kioo na kumuaga kwenye kioo. Na katika sura zote zilizopita humo, aliyoitazama kwa mapenzi ilikuwa moja tu.

Alikuwa na mke zamani. Mke huyo alikuwa fundi cherehani, mwanamke mcheshi, akicheka jirani wa pili anauliza kuna nini. Baada ya kuolewa kicheko kikaanza kupungua. Akawa anakula kidogo, akakonda, na mchana kweupe unamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda amefumba macho. Profesa aliyaona yote hayo, akayatolea ufafanuzi saluni: "Mke wangu siku hizi ametulia. Mwanamke akipata mume anayejielewa, hutulia." Wateja wakaitikia, maana wembe ulikuwa shingoni. Siku moja aliporudi nyumbani alikuta cherehani haipo, mke hayupo, na mtoto wao wa pekee, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, hayupo pia.

Walikubaliana mtoto awe anakuja kwa baba yake kila Jumamosi. Akaja miaka yote ya utoto wake. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasikiliza hotuba, akala biskuti, akarudi kwa mama yake. Alipoingia sekondari akaanza kukosa Jumamosi moja moja, halafu akaacha kabisa. Profesa akapiga simu kulalamika.

"Mwanao si mtoto tena," mtalaka wake alimjibu. "Sitamzuia kuja, na sitamsukuma. Akitaka kukuona, njia anaijua."

Hapo ndipo Profesa, kwa mara ya kwanza maishani, aliogopa. Hakusema kwamba anaogopa, thubutu! Alisema msichana amelishwa maneno. Lakini jioni, akifagia nywele za watu, alikuwa akitazama lile benchi. Alimtaka mwanawe arudi. Katika vitu vyote alivyovitaka Profesa, hiki ndicho pekee alichokitaka kwa moyo, na hakujua hata aanzie wapi.

Jambo moja alilikumbuka. Msichana alipenda viumbe. Alipokuwa mdogo alifuga konokono kwenye beseni, akawa anamwambia kila aliyemsikiliza kwamba atakuwa daktari wa wanyama. Basi Profesa akaenda kwa muuza ndege, mtu mmoja mwembamba aliyepanga matundu nyuma ya soko, akarudi na kinyonga.

Muuza ndege alimpa maelezo yote. "Huyu usimzoee kama paka," alimwambia. "Mtafutie sehemu tulivu, umwekee matawi yenye majani. Maji hanywi kwenye bakuli, mnyunyizie majani, atalamba matone. Mpe panzi walio hai. Na siku za mwanzo mwache kabisa, mgeni huyu, mwili wake haujatulia. Ukiona rangi inageuka nyeusi, ujue hayuko sawa."

"Ndugu yangu, unamfundisha Profesa?" alijibu Profesa, akijitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa pale. Alipokuwa akimtia kinyonga kwenye boksi, mnyama alivimba, akafungua kinywa wazi, akatoa sauti ya tairi linalopungua upepo. "Unaona? Ananichekea!" Muuza ndege akahesabu pesa zake. Ng'ombe akishanunuliwa, kamba si yako.

Angemweka nyumbani, kwenye kile chumba cha uani chenye dirisha na kivuli, hadithi ingeishia hapa. Lakini kitu kizuri ukikificha, nani atakusifia? Profesa alilitundika tundu la kinyonga saluni, kati ya kioo cha mbele na kile kirefu cha pembeni, taa juu yake, ili mteja akikaa amwone huku na huku. Chini akamwekea bakuli la maji, zuri, lenye maua ya bluu. Akampa cheo cha Waziri.

Na Waziri akafanya maajabu. Mara tu alipowekwa pale alijibapa ubavu akawa kama kiganja, akatoa mistari ya njano na madoa mekundu, akajikunja mkia, akawa anayumba mbele na nyuma. Watu wakajaa mlangoni. Lo! Hata wasiohitaji kunyolewa waliingia kunyolewa.

"Amefurahi huyo!" Profesa akawa anatangaza kwenye kioo, mashine ikivuma mkononi. "Kinyonga akifurahi hutoa rangi. Mazingira mazuri hayo, anajiona alivyo mzuri. Sisi wenye vioo tunaelewana!"

Akampigia simu binti yake. Akamwambia kuna kitu amemnunulia, aje aone mwenyewe. Jumamosi msichana akaja.

Alikuwa amerefuka, amevaa miwani, mkoba begani. Alimwamkia baba yake, akaitikiwa kwenye kioo. Kisha akamwona kinyonga, na uso wake ukafunguka kabisa, akawa yule mtoto wa beseni la konokono. Profesa alipouona uso huo akauondoa wembe shavuni mwa mteja.

"Wa kwangu?"

"Wa kwako, mwanangu. Mimi nakutunzia tu."

Msichana akasogea taratibu, akainama, akatazama. Akakaa hapo muda. Ule uso uliofunguka ukaanza kujifunga.

"Baba, amekaa hapa tangu lini?"

"Tangu nilipomleta. Umeona rangi hizo? Amefurahi!"

"Hajafurahi. Anapigana."

"Anapigana na nani? Yuko peke yake!"

"Hayuko peke yake." Akaonyesha kidole kioo cha mbele, kisha cha pembeni. "Anaona kinyonga pale, na pale, na mwingine kule nyuma. Wote ni madume, wote wamevimba kama yeye, na hakuna anayekimbia. Kinyonga hapendi hata mwenzake mmoja, Baba. Umemzungushia jeshi."

Mteja kwenye kiti akacheka. Profesa akacheka zaidi, ili isionekane amechekwa yeye. "Mwanangu, mimi nakaa na vioo tangu hujazaliwa. Mtu akijiona kwenye kioo hufurahi."

"Yeye si mtu. Akiwa ametulia anakuwa kijani, kijani cha kawaida tu, huna hata cha kuonyesha wateja. Na hili bakuli la nini? Haoni maji yaliyotuama. Anakufa kiu na maji yako chini ya miguu yake."

Kwenye kiti cha pili alikuwepo kinyozi mwingine, aliyeitwa Nusuneno kwa sababu sentensi zake hazikufika mwisho. "Hata mimi niliona kama…" alianza, kisha akaendelea kunyoa.

Msichana akataka amchukue. Profesa akakataa. Alisema mnyama atashtuka akihamishwa, na mnyama huyo alikuwa ameshahamishwa toka kichakani mpaka kwa muuza ndege mpaka saluni. Sababu ya kweli ni kwamba foleni ilikuwa imefika barabarani. Pia aliwaza, na hapa alijiona ana akili nyingi, kwamba kinyonga akibaki saluni basi msichana atakuja kumwona. Akiondoka na kinyonga, atarudi kufanya nini?

"Sawa," msichana alisema mwishowe. "Lakini hivi vioo viwili vya karibu vifunikwe." Akachukua mashuka mawili ya kunyolea, safi, akayabana kwa vibanio juu ya kioo cha mbele na cha pembeni, pande zinazotazamana na tundu. Akajaza maji ya bomba kwenye chupa ya kunyunyizia, akayalowesha majani. Kinyonga hakungoja hata msichana aondoe mkono. Alinyoosha shingo, akalamba tone, akalamba lingine, akaendelea mpaka watu wakasogea kumtazama. Ile mistari ya njano ikaanza kufifia.

"Ahadi, Baba?"

"Ahadi."

"Nakuja Jumamosi. Nikikuta umevifunua, sitakuja tena. Si kwa kinyonga, si kwa kitu kingine."

"We mtoto, hunijui baba yako?" alisema Profesa.

Alimjua sana.

Mashuka yalikaa siku ile. Kesho yake yakakaa mpaka mchana. Kinyonga alikuwa kijani, ametulia juu ya tawi, hana habari na mtu, na watu waliokuja kuona maajabu waliona mjusi amekaa kwenye kijiti. "Huyu ndiye aliyesifiwa?" mmoja aliuliza. Profesa hakuweza kuvumilia. Kumtukana yeye watu walishazoea, lakini kusema kitu chake ni cha kawaida! Akavuta shuka la kwanza. "Ngoja uone," alisema. Kinyonga akavimba, akawaka rangi, mlango ukashangilia. Baada ya hapo, mtu mzima akaenda akavuta na la pili.

Alijiambia atayarudisha jioni. Halafu akajiambia Ijumaa. Mtoto anasoma vitabu, alijisemea, mimi ndiye ninayekaa na mnyama.

Katikati ya wiki Nusuneno alisimama mbele ya tundu, taulo begani. "Huyu hali, nadhani…"

"Anatunza umbo," alijibu Profesa. Panzi alikuwa hawatafuti, alikuwa anamwekea nzi waliokufa dirishani, akishangaa kwa nini Waziri anadharau nyama.

"Na jicho la upande huu limefumba tangu…"

"Amelala. Wewe hulali?"

"Lakini saa nne asubuhi…"

"Wakubwa hulala saa wanayotaka."

Nusuneno akarudi kwenye kiti chake. Kinyonga huyu alikuwa amekaa ubavu mmoja ukielekea kioo na mwingine ukielekea ukutani, pale waliposimama vinyozi kuosha mikono. Macho ya kinyonga, kila moja lina safari yake. La upande wa kioo lilibaki wazi, likimlinda na adui asiyechoka. La upande wa ukuta lilikuwa limefumba, limezama ndani. Na Profesa alimtazama kinyonga wake kila siku, mara nyingi kwa siku, kwa fahari kubwa, kwenye kioo. Alikuwa akiona ubavu mmoja tu wa mnyama wake, ule uliokuwa ukipigana.

Hata ubavu huo ulikuwa unabadilika. Njano ilichafuka, madoa mekundu yakawa kahawia, na kufika Ijumaa Waziri alikuwa mweusi wa mkaa asubuhi hadi jioni. "Leo kavaa suti," Profesa aliwaambia wateja. Watu walicheka, ila wachache. Mzee mmoja mstaafu aliomba ahamishiwe kiti cha Nusuneno, akasema anamwona yule mdudu kama anaumwa. Profesa alimwambia kwamba miwani yake imepitwa na wakati.

Jumamosi asubuhi, alipojua binti yuko njiani, akayarudisha mashuka. Akabana vibanio vilevile, akanyunyizia majani maji mpaka yakachuruzika, akaokota nzi na kufuta bakuli. Akarudi nyuma kutazama kazi yake, akaridhika. Ebo! Mtu anaiba mchuzi, anarudisha kifuniko cha sufuria, kisha anajisifu.

Msichana akaingia akitabasamu, kwa sababu aliona mashuka. Alisema, "Ahsante, Baba," na akamshika baba yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avae sare ya sekondari. Profesa akakohoa. Laiti mambo yangeishia hapo, yule mtu angeamini hadi kaburini kwamba yeye ni baba mwema.

Lakini msichana alizunguka tundu. Wenye akili huzunguka. Akapita upande wa ukutani, akapiga magoti, na tabasamu likaondoka.

Kinyonga hakuwa kwenye tawi. Alikuwa chini, kwenye sakafu ya tundu, pembeni mwa bakuli la maua ya bluu. Nyonga zilikuwa zimechomoza, ngozi imekunjamana, na lile jicho lilikuwa shimo lililofunikwa kwa ngozi. Kwenye karatasi iliyotandikwa chini palikuwa na kinyesi chake kimoja kikavu, na sehemu inayotakiwa iwe nyeupe ilikuwa na rangi ya machungwa, dalili ya kukaukiwa maji. Akafungua kijimlango, akamwekea kidole. Kinyonga mzima akishika kidole unahisi koleo. Huyu alijaribu kushika, vidole vikateleza.

"Baba. Vioo vimefunikwa tangu lini?"

"Tangu ile siku! Si ulifunika mwenyewe?"

Kwenye kiti alikuwa ameketi dereva mmoja wa lori, mtu mwema asiye na habari za nyumba ya mtu, shingo imezungushwa shuka. Akasema kwa sauti ya kirafiki kabisa, "Sasa Profesa, leo umefunika vioo, mimi nitajionaje? Juzi si nilimleta shemeji yangu hapa, kinyonga anapigana na kioo tukacheka mpaka basi!"

Nusuneno alizima mashine yake.

Msichana hakupiga kelele wala hakulia mbele yao. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akalifunika tundu, akalitoa kwenye ndoano.

"Unampeleka wapi? Huyo ni wangu, nimemnunua mimi!" Profesa alisema, na sauti ikampanda kuliko alivyotaka.

"Kwa daktari wa wanyama. Wako?" Msichana alisimama na tundu kifuani. "Jicho lake gani limefumba?"

Ni swali dogo. Mtoto wa chekechea angegeuka akachungulia. Profesa, mwenye kujua ya marubani, aliinua uso kutafuta jibu kwenye kioo, akakutana na shuka.

Msichana akamtazama akifanya hivyo. Kisha akaondoka, na mlango ukajirudi wenyewe.

Unadhani alimfuata? Hakumfuata. Alimalizia kumnyoa dereva, akamweleza kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Alingoja aombwe radhi. Jumamosi ikaja, benchi likakaa na wateja. Ikaja nyingine. Watu wakauliza Waziri yuko wapi, akasema amesafiri kikazi, halafu wakaacha kuuliza, halafu wakaacha na kuja, wale waliokuja kwa ajili ya maajabu. Akampigia binti simu, ikaita mpaka ikakata. Akatuma ujumbe kwamba amesamehe. Amesamehe! Hata huo haukujibiwa, na ulistahili.

Nusuneno ndiye aliyemwambia, walipokuwa wakifunga saluni, na siku hiyo alimaliza sentensi yake. "Mfuate mwanao, mjinga wewe." Profesa akaangusha ufagio. Labda alishtuka kusikia nukta.

Akaenda. Alivaa shati lililopigwa pasi, akapitia kwa muuza ndege kuchukua panzi hai kwenye kopo lenye matundu, akapanda ngazi za jengo alilohamia mtalaka wake na ambalo yeye hakuwahi kulitia mguu. Mlangoni alisikia mtu akicheka ndani, kicheko kikubwa, cha kusikika hadi chini barabarani. Alifikiri kuna mgeni. Mlango ukafunguka, akawa ni yule yule mkewe wa zamani, amenenepa, shingoni ana futi ya kupimia, machozi ya kicheko bado machoni.

"Karibu," alisema mwanamke, kicheko kikimkauka usoni mbele yake Profesa. "Yuko chumba cha mwisho. Ongea polepole."

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha limewekewa pazia jepesi. Tundu lilikuwa juu, limejaa majani, mbali na njia ya mtu. Ndani yake, juu ya tawi, kinyonga alikuwa amekaa na mkia wake umejikunja vizuri, macho yote mawili wazi na yamejaa, kijani cha kawaida tu. Msichana alikuwa mezani akisoma. Akainua kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kumbe kapona! Mimi nilijua tu, huyu ni mgumu, nilimchagua mwenyewe…" Profesa akapiga hatua moja ndani, kopo mbele.

Kinyonga akageuza jicho moja. Kijani kikaanza kuingia giza kutokea mgongoni, kikashuka ubavuni, kikafika miguuni. Akajibapa. Akafungua kinywa.

"Rudi nyuma kidogo," msichana alisema.

Akarudi.

"Bado. Kidogo tena."

Akarudi mpaka kizingitini. Mnyama alikuwa bado mweusi. Akarudi mpaka ukumbini, mgongo ukagusa ukuta wa pili. Mtalaka wake alikuwa ameanza kushona huko sebuleni, akaacha. Profesa alisimama hapo amekumbatia kopo la panzi na kwa kuwa hapakuwa na kioo ukumbini ilimbidi amtazame kinyonga mwenyewe. Weusi ukaondoka polepole. Kijani kikarudi.

"Hapo," msichana alisema. "Hapo anakuvumilia."

"Huku nje?"

Alipotoa sauti, ubavu wa kinyonga ukaingia kivuli tena. Msichana akainua kidole. Profesa akanyamaza, na kukawa kimya mpaka panzi wakasikika wakigonga kopo.

"Mpaka lini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mpaka akuzoee."

Profesa akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza swali ambalo, kwa miaka yote ile ya kuwajua watu kuliko wanavyojijua, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

"Na wewe?"

Msichana alimtazama usoni.

"Mimi nilishakuzoea, Baba. Ndiyo maana niliacha kuja."

Akatoka, akalipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nalo chumbani. Kisha akaurudishia mlango, ili kinyonga ale.